Kilio ya Robo

Siku yenye nilisikia kama robo iko anarudi, nilikuwa yulu ya malata ya nyumba, niko naziba matundu mbele ya mvua kuanza. Papa ya video, ule mwenye aligeuza salo ya nyumba yake kuwa sinema hapa kwetu Naviundu, alisimama chini, akaweka mukono ku macho juu ya jua, akaniita:

— We, Kifaransa! Shuka!

Bananiitaka Kifaransa. Haiko juu nakijua sana. Masomo yangu ilimalizika ku ya sita ya primeri, na ata ile ya sita nilipita sawa mbuzi anapita pa dirisha. Lakini Kifaransa ya filme haiombake diplome. Inaombaka muntu wa kinywa ya mbio, mwenye hana haya. Kwa papa ya video mi njo mufasiri: filme inasema, na mi nasema nyuma yake mu Kiswahili. Bantu bakicheka filme ao bakinicheka miye, kwangu ni kintu moya.

— Papa, kuko nini?

— Kuko kaseti mupya. Mutoto ya dada yangu aliileta toka Bulaya. Unakumbuka ile robo mukubwa ya zamani, ule muntu wa mashini wa filme ya siku ya mungu?

Nilishika malata na mikono mbili.

— Ile yenye... yenye alikufwa?

— Njo ile! Balimufufula! Banaanza hadisi mupya, na ni ya kuleri, rangi zote. Siku ya posho, jumamosi, saa munane. Nilishaambia bantu bote. We njo utafasiri.

Akaenda, anapiga mulunzi. Mi nilibakia yulu ya malata, sikushuka. Juu ile robo, mi njo nilimuua. Nilimuua na kinywa, nikiwa na miaka kumi. Batoto ya kambi muzima balimulilia, na munungwe yangu alizika kintu yenye hakupashwa kuzika.

Bon. Inafaa nianze pa mwanzo.

Ile wakati tulikuwa tunaikala mu kambi ya kompani. Baba zetu bote balikuwa banatumika ku mukuba, ile shaba ya Katanga. Televizyo ilikuwa moya kwa aveni yetu, kwa papa moya wa ofisi, na ilikuwa ya nyeupe na nyeusi. Siku ya mungu kisha misa, alikuwaka anafungula dirisha, anageuza televizyo itazame inje, na siye batoto tunaikala mu majani yake. Sauti ilikuwa kidogo sana, juu bibi yake alikuwa anasema kelele ya Bajaponi inamuumiza kichwa. Njo pale kazi yangu ilianzia. Nilikuwa naikala ya kwanza, sikio karibu na dirisha, kisha nageuka natupia bengine maneno. Yenye nilisikia, nasema. Yenye sikusikia, natengeneza.

Na ile robo, bantu! Tulimupima na shemine ya kompani, ile bomba murefu ya moshi, juu batoto ya Lubumbashi banapimaka kila kintu na shemine. Tulipata kama iko mbili, moya yulu ya ingine. Kijana moya, piloti, alikuwa anapanda ngazi anaingia mu kifua yake, na kila siku ya mungu beko banapigana na banyama ya chuma benye kutoka chini ya bulongo. Ile hapana ata kufasiri. Mu kambi yetu kila mutoto alijua kama kintu yenye kutoka chini ya bulongo ni kali, haikubalike mara moya, inafaa kuipiga na moto.

Kuleri yake hatukuiona, basi tulikutana tukakata neno: robo ni ya mukuba. Hakuna mwenye alikatala. Kintu ya kungaa, ya nguvu, ya kwenda mbali: ni nini ingine? Mi niliongeza kama Bajaponi balinunua mukuba yake hapa kwetu, na kama ile goti ya kushoto baba yangu aliimwanga ye mwenyewe ku moto. Baliamini. Ata mi, kisha siku mbili, niliamini.

Munungwe yangu alikuwa anaikala mulango ya pembeni. Nasema munungwe juu mukoo yabo na mukoo yetu inachekeshana toka ba nkambo. Akiona mi napita na suruali mupya, anaweza kuniambia niliitosha ku mwili ya maiti. Mi naweza kumutukana mbele ya mama yake, na mama anacheka. Hakuna mwenye kukasirika, njo sheria. Na kama kifo inaingia kwabo, siye njo tunachimba kaburi na kubeba maiti, na pale pale ku kilio tunachekesha bantu, tunaomba maiti viatu yake. Lakini mu siye bawili, chekesho yote ilikuwa kwangu. Ye alikuwa muntu wa mikono. Maneno yake kwa siku moya, ungeiweka mu kibiriti na njiti zingebakia na nafasi.

Baba yake alikuwa anatengeneza motere za umeme. Motere ikiungua, banatosha nsinga, ile waya ya mukuba ya ndani, na tubipande twa mwisho banamutolea, anabeba ku nyumba mu mufuko. Mvua muzima ya ule mwaka, baba na mutoto baliikala pa baraza banasuka robo. Urefu wake ilikuwa toka kiwiko mupaka ncha ya kidole. Mabega, kifua na kamulango ka piloti, kichwa na pembe mbili. Na magoti, baba aliiunga na solde namna yake, ikawa inakunja. Batoto ya Lubumbashi bote banajua kusuka motokari na nsinga. Lakini robo ya mukuba yenye kukunja goti, ilikuwa moya tu, na ilikuwa mulango ya pembeni ya kwetu. Nilikuwa namuonea wivu kila siku.

Sasa siku ya mungu ya mwisho ikafika. Balitutangazia juma muzima: siku ya mungu, vita ya mwisho. Tuliikala mu majani toka saubuhi. Televizyo ikawaka, na robo haiko. Kuko animasio: bamama na bapapa mu bitenge ya chama, banacheza, banaimba Mukubwa wa inchi, banageuka kushoto, banageuka kuume. Saa moya. Saa mbili. Papa wa ofisi hakuzima, na kila muntu alijua juu ya nini hakuzima. Tukapiga makofi kidogo, tukarudi kwetu.

Robo hakurudi tena. Batoto bakaanza kunifwata sawa inzi:

— Ilimalizika namna gani? We unajuaka yote!

Neno "sijui" haikuwa mu kinywa yangu. Nikasema:

— Niliona. Kwa mupadri, ku misio.

— Na alishinda?

— Alikufwa.

Siku hizi najua juu ya nini nilichagula kifo. Ukisema alishinda, batakuuliza alishinda na mukono gani. Ukisema alikufwa, banainamisha kichwa, na maswali inaisha. Nikabambia kama robo aliziba shimo ya banyama na mwili yake, akayeyuka pole pole, kichwa njo ilikuwa ya mwisho, na macho ilizima moya, kisha ingine. Nilisema muzuri mupaka machozi ilinitoka miye mwenyewe.

Na kwetu, muntu akikufwa, ni kilio. Mangaribi ya ile siku basichana balifunga bitambala, bakatandika musala nyuma ya kikoni ya bamunungwe, bakawasha kamoto. Bengine balienda kuomba bunga kwa bamama zabo, juu kilio bila bukari, ugali yetu, ni kelele tu. Mi nikafanya kazi ya munungwe: nikavaa ndoo ku kichwa, natembea sawa maiti, nalomba viatu yake, nasema namba yake haipatikane mu soko. Balilia na kucheka, yote mara moya, sawa kilio ya kweli.

Munungwe yangu alikuwa anaikala yulu ya matofali, pa nafasi ya baba ya maiti. Hakucheka. Kisha akasimama, akasema:

— Kilio bila maiti haiko kilio.

Akaingia mu nyumba, akatoka na robo yake. Mi nikafikiri: anacheza. Hakuwa anacheza. Alileta na mukebe ya maziwa ya bunga. Mukebe ilikuwa mufupi, basi akakunja magoti ya robo pole pole, akamuingiza, akafunika. Akanitazama. Ilikuwa sheria: munungwe njo anachimba. Nikachimba, hatua tatu toka robine, bomba ya maji, na kajembe ka mama yake. Njo pale baba yake alitoka ku kazi, bado na kaske, kofia ya kazi, ku kichwa. Akauliza nani alikufwa. Mutoto moya akamwambia. Yule baba alitazama shimo, akatazama mutoto yake. Na akatosha kaske ku kichwa.

Nilikuwa na kajembe mu mukono. Ile njo ilikuwa saa ya kusema. Nikatupa bulongo.

Baba yake alikufwa mvua yenye ilifwata, na ugonjwa ya kifua. Nyumba ya kambi ni ya kazi. Kazi ikienda, nyumba inaifwata. Balihama, bakaja hapa Naviundu, na kisha miaka kidogo siye pia tulihama, juu baba yangu alipumzika kazi. Munungwe yangu akawa sudeer, anaungaka milango na madirisha ya chuma. Kintu ya kuchezea ya nsinga hakusuka tena, ata moya. Siku moya tulikuwa tunakunywa munkoyo pa atelie yake, akasema, bila mi kumuuliza:

— Sina kintu yenye mikono ya baba iligusa. Ile moya tuliizika. Lakini haiko mubaya. Tuliizika na heshima.

Nilimeza ile neno pamoja na munkoyo. Mara nne nilifungula kinywa nimwambie kweli. Mara nne kulitoka chekesho.

Basi siku ya posho ikafika, saa munane. Salo ya papa ya video ilijaa mupaka bengine balibeba batoto ku mabega. Nusu yabo balikuwa batoto ya kambi yetu ya zamani, sasa na ndevu, na matiti, na bitoto yabo. Munungwe yangu alikuwa mbele kabisa, ku mukebe ya mafuta, shati ya tundu tundu za moto ya solde, lakini alinawa uso. Alikuwa na furaha. Mi ule muntu sijawahi kumuona na furaha ya kuonekana hivi.

— Munungwe, akaniita, nafasi yako iko hapa. We uliona namna alikufwa. Utaniambia kama ni yeye kweli, ao balituletea mwingine.

Nilimulomba Mungu akate umeme. Mungu mwenye anakataka umeme kila siku bila kuombwa, ile siku alikatala.

Kaseti ikaanza, na haikuanza na kuleri. Ilianza na nyeupe na nyeusi, picha ya zamani, na sauti ya mwanaume muzee anaeleza. Nilielewa mara moya: mbele ya hadisi mupya, banakumbusha ya zamani. Banaonesha mwisho. Ile mwisho yenye tulikosa juu ya animasio.

Vita ilikwisha. Banyama ya chuma beko chini, banatoa moshi. Robo alipanda mulima, polepole, anachechemea. Kule yulu akageuka. Akaikala. Aliikala chini kabisa, magoti imekunja, mikono yulu ya magoti, sawa baba zetu balikuwaka banaikala pa baraza bakitoka kazi ya busiku, mbele ya kutosha viatu. Kamulango ka kifua kakafunguka. Piloti akashuka na ngazi, akafunga kamulango, akagonga mara mbili ku muguu ya robo na mukono, namna unamuagaka muntu ya kazi. Kisha akashuka mulima na miguu. Chini kulikuwa nyumba moya, moshi inatoka ku kikoni. Njo ile tu. Haikuwa na kintu ingine.

Miaka yote nilikuwa naaminia kama mwisho yangu ilikuwa kali. Pale mbele ya ile robo yenye kupumzika, niliona mwisho yangu ni ya mutoto mwenye njaa ya kupigiwa makofi. Bale benye balitengeneza hii, balikuwa na nguvu ya kuacha. Mi sijawahi kuwa na ile nguvu.

— Kifaransa! Anasema nini?

— Alimeza ulimi!

— Papa, badilisha mufasiri, huyu alikwisha batri!

Munungwe yangu akageuka, polepole:

— Anasema nini?

Bongo, uongo mupya, ilikuwa tayari. Ilikuwa ya moto, ya muzuri: "Ni ndoto ya piloti, anaota kama robo iko muzima." Bote bangeamini. Ilikuwa hapa, ku meno. Lakini ku televizyo ile robo ilikuwa bado inaikala, hakuna mwenye kumusumbua, na mi njo nilimuua mara ya kwanza. Kumuua mara ya pili, mbele ya macho yake, nilishindwa.

— Anasema hakukufwa, nikasema. Anasema vita ilikwisha, na robo aliikala chini kupumzika. Na piloti alienda kwabo kukula.

Mama moya, mwenye zamani alifunga kitambala ya kilio, akasema toka nyuma:

— Na machozi yetu?

— Na bunga ya mama yangu! mwingine akalalamika. Nilipigwa juu ya ile bunga!

— Kifaransa, muuaji!

Nyumba ikapasuka na kicheko. Bananirushia maganda ya karanga. Mi nilikuwa natazama muntu moya tu. Ye hakucheka.

— Kwa mupadri, akauliza, haukuona?

— Kwa mupadri hakukuwa ata televizyo.

Alisimama. Akainama, asizibe bantu picha, akapita pa mulango akatoka. Ata pale alifikiria benye kuwa nyuma yake. Nilitaka kumufwata, lakini papa ya video alinishika shati:

— We, unaenda wapi? Fasiri! Bantu balilipa!

Basi nikafasiri. Na kuleri ikaingia, na robo ya kwetu ya mukuba, kumbe alikuwa mweupe. Mweupe! Na mistari ya bulu.

— Sawa frigo ya maji baridi! mutoto moya akalia.

— Balimupaka! Tosheni ile rangi!

Salo muzima ilikasirika, mi pia. Lakini kidogo kidogo tulisahau. Juu ile filme ilijua kazi yake. Piloti wa zamani alikuwa na mvi, na lunete ku macho, na binti yake njo alipanda mulima kumutafuta robo. Alimupata pale pale, ndege balijenga ku mabega, majani iliota mu magoti. Na kusimama kwake! Bengine bangefanya: pa! alisimama. Hawa balitumia nusu ya filme. Kwanza kidole moya. Kisha bulongo ikaanza kuanguka, kisha ndege bakaruka, kisha ile sauti ya magoti, krrr, sauti ya muzee saubuhi. Na ku muguu ya kushoto, alama ya kukwaruzwa, ile tuliona siye na macho yetu mu majani ya papa wa ofisi, ilikuwa bado. Miaka yote, na habakuifuta! Balimupatia robo mwili mupya ya kuleri, lakini alama yake balimuachia. Pale nilifasiri na sauti ya kukatika, na bantu balifikiri ni chekesho mupya. Mu maisha yangu, ile ni siku ya kwanza sikutia chumvi. Filme haikuiomba.

Ilipomalizika nilikimbia. Nilimupata pa kadaraja ka muto ya Naviundu, anaikala, anatazama maji.

— Munungwe, nikasema, munungwe hakasirikake. Ni sheria.

Akatupa kajiwe mu maji.

— Ukitaka unaweza kunitukana. Ata mama yangu. Iko ku nyumba, nitamuita akuje asikie.

Nikaikala pembeni yake. Ye njo alisema:

— Baba alitosha kaske.

— Niliona.

— Uliona, na ukatupa bulongo.

— Nikatupa bulongo.

Maji ilipita. Kisha akasimama, akapangusa suruali.

— Munungwe njo anazikaka. Ulizika muzima. Kesho utafukula.

Basi siku ya mungu, saubuhi, tulienda ku kambi na miguu, mi njo mwenye kubeba jembe. Mu nyumba yabo ya zamani kulikuwa mama moya mwingine, mikono ku kiuno, na hatua tatu toka robine alipanda matembele, ya kijani, ya kupendeza, ya kumuletea muntu matatizo.

— Jambo mama, nikasema. Tuko tunaomba kuchimba kidogo mu lupango yako, hapa pembeni ya robine.

— Kuchimba nini?

— Maiti.

Munungwe yangu alifunga macho. Mama akakamata ufagio. Ilibidi ye, mwenye hasemake, aseme yote: baba, nsinga, mukebe, bongo yangu. Ile ilikuwa hotuba murefu kupita zote alishafanya. Mama alisikiliza. Akarudisha ufagio pa ukuta, akanionesha na kidole:

— Huyu mwenye kinywa, achimbe. Na matembele yangu, tige moya moya, shina kwa shina, atairudishia pa nafasi yake. Nahesabia.

Nilichimba. Shimo ya kwanza, hakuna. Ya pili, kijiko. Jirani bakaanza kufika, juu mu kambi ya kompani muntu akichimba siku ya mungu, inafaa kujua. Ku shimo ya tatu jembe ikagusa kintu, mi nikapiga magoti, nikachimbula na vidole, na kukatoka rangi: kijani ya kukauka, ile kijani batoto ya Katanga banaijua mbele ya kujua kuandika.

— Mukuba! muntu moya akalia. Kuko mukuba mu lupango ya mama!

Yo! Ungeona. Balikuya na ndoo. Balikuya na masufuria. Moya alikuwa anauliza kama mushipa ya mukuba inaelekea kwake. Mama ya nyumba alitandika mikono yulu ya matembele sawa kuku na batoto yake. Kulikuwa muzee moya, alitumika miaka mingi ku mukuba kule Kambove, balimuachia njia sawa munganga. Akainama, akatia mate ku kidole, akasugua, akatazama murefu.

— Ni mukuba, akasema. Muzuri sana. Lakini hii haiko jiwe. Hii iko na goti.

Bakacheka mupaka bengine balishika ukuta. Mi nilikuwa natosha bulongo polepole. Mukebe haikuwako tena: chuma yake yote ilioza, ikageuka unga mwekundu. Lakini mukuba haiozake. Robo alikuwa pale, kijani, mukono ya kushoto ilipotea, pembe moya ilipinda. Na alikuwa anaikala. Magoti kukunja, namna munungwe yangu alimukunja ule mangaribi juu mukebe ilikuwa mufupi. Miaka yote chini ya bulongo alikuwa anaikala tu.

Nikamupatia. Alimupuliza, akamusafisha na shati, akaweka kidole nyuma ya goti, akajaribu. Ilikatala. Akajaribu tena, na nguvu ya muntu mwenye anajua chuma. Krrr. Ikafunguka. Akatazama pa solde, kwa karibu, na jicho ya kazi, sawa anatazama kazi ya fundi mwingine.

— Inashika, akasema. Solde ya baba inashika.

Akanigeukia, na macho ilikuwa na maji, akaniambia:

— Na we, kichwa ya mbuzi, matembele.

Nilirudishia tige moya moya. Mama alihesabia.

Siku ya posho yenye ilifwata, kulikuwa kipande ya pili. Nilifika salo mapema, na robo alinitangulia: munungwe yangu alimuweka yulu ya televizyo ya papa ya video, anaikala, mikono ku magoti. Mukono ya kushoto ilikuwa mupya. Aliisuka na nsinga mupya ya mukuba, nyekundu ya kungaa, haifanane ata kidogo na kijani ya mwili, na aliiacha vile.

— Inanizibia antene, papa ya video akalalamika.

— Papa, iache, mi nikasema.

Filme ikaanza. Nilifasiri muzuri, na heshima, dakika sawa kumi. Kisha binti ya piloti akamutazama kijana moya, na ulimi yangu ikaniponyoka: nikasema iko anamuomba mahari ya ng'ombe kumi na kabati. Salo ikacheka. Munungwe yangu alinyoosha mukono, bila kugeuka, akagonga goti ya mukuba na kidole.

Tin.

— Binti anasema asante, nikasema. Anasema asante tu.